Nukta Pacha

Saa tano usiku, Isevya. Uniti za Luku zimebaki tatu.
Nimeandika mstari mmoja kwenye faili lililofichwa,
lile ambalo jina lake linaanza na nukta,
nikaifunga terminali, nikaifungua tena,
na mashine imenisahau.

ls, nasema. Amri haipo.
nano. Haipo.
Hata clear haipo, kwa hiyo aibu yangu yote
imebaki juu ya kioo, mstari kwa mstari.

Kesho saa mbili warina asali wanashuka kutoka Sikonge
na ndoo zao, nami nimewaahidi akina Nyamizi wa ghalani
mzani utakaoandika uzito wenyewe kwenye kompyuta.
Niliahidi kwa sauti kubwa. Niliahidi nikiwa nimesimama.

Najaribu echo. Echo inajibu.
cd nayo inatembea.
Nakumbuka: hizi hazikuajiriwa kutoka nje,
zilizaliwa humo humo ndani ya ganda.
Basi naandika echo na kinyota,
na majina ya mafaili yangu yanamwagika
yamebanana kama abiria walioamshwa usingizini.
Yote yapo. Hakuna aliyekufa.
Kilichopotea ni njia.

Naiuliza: PATH yako ni ipi?
Inanionyesha kituo kimoja tu,
kile nilichokijenga leo jioni, /opt/mizani/bin.
Mbele yake hakuna kitu. Nyuma yake hakuna kitu.

Mjomba Sizya alikuwa mtu wa swichi hapa stesheni.
Treni ya Dar ikifika hukatwa,
mabehewa haya Mwanza, haya Kigoma,
naye katikati na taa yake, akivuta chuma.
Sikumbuki kama aliwahi kunifundisha kitu.
Nakumbuka mikono yake, ilinuka grisi hata siku ya Idi.
Na mimi, mpwa wake, kwa mstari mmoja
nimeng'oa Dodoma, Manyoni, Itigi,
nikabakiza kituo changu porini,
na treni inapiga honi haijui iende wapi.

Naiita nano kwa jina la ukoo, jina zima,
/usr/bin/nano, kama mwalimu anavyomwita mtoro.
Inaitika.
Mwishoni mwa mstari ule naongeza nukta pacha,
alama ya dola, kisha PATH yenyewe:
yaani njia yangu, pamoja na zilizokuwepo.
Alama sita. Zimekula saa mbili na nusu.

ls.
Mafaili yanajipanga safu safu, yamevaa rangi zao.

Nachomeka waya wa mzani. Mashine inasema: huna ruhusa.
Mimi! Niliyekununua Kanyenye kwa mkopo wa vikoba!
Lakini mlango ule ni wa kundi la dialout
na mimi si mwanachama.
Haya. sudo, nenosiri, najiandikisha,
na safari hii siisahau ile a ndogo,
maana bila hiyo unaingizwa kundi moja
unafukuzwa katika mengine yote.
Nilishafanya hivyo mwaka jana. Tusiongelee.

Natoka, naingia tena kama mgeni.
Sifuri nukta sifuri, unasema mzani.
Naweka chupa ya maji. Naweka kiatu. Naweka kamusi.
Uniti moja haijafika, na mimi napima pasi ya mkaa
saa nane usiku, nacheka peke yangu.

Asubuhi ghalani, ndoo ya kwanza ni ya Limbu Kaswiza,
asali nyeusi ya miombo,
nyuki mmoja amekwama kwenye mfuniko.
Kioo kinaandika: ishirini na moja nukta nne.
Warina wanasogea kutazama. Najikohoza kidogo.

Nyamizi hajafunga daftari lake.
Anatazama namba, anatazama ndoo,
analamba ncha ya penseli:
"Na ndoo yenyewe, umeitoa?"