Mstari wa Kumi na Saba

Saa kumi na robo, Rondo, baridi ya kutia mikono kwapani.
Mitiki imesimama safu kwa safu kama wanafunzi walioadhibiwa,
na mimi, mtu wa Ukerewe, mlinzi wa moto na misumeno,
nimekaa juu ya debe lililopinduliwa,
daftari la zamu nimelifungua kwa nyuma,
upande ambao mkaguzi hafiki.

Kwetu sikuhitaji kalamu.
Furukombe akilia, kisiwa kizima kilijua nani kalia.
Huku giza linanisemesha kwa lugha
ambayo sikuisoma hata chekechea.

Basi naandika kama masikio yanavyoweza.

Wa kwanza: du, du, du-du-dududu,
chupa inamiminwa na mtu asiye na haraka.
Huyo nilijibiwa siku ileile. Dudumizi, akasema Edita,
ingiza mahindi yako ndani, mvua inakuja.
Haikuja.

Wa nne: kitambaa kinachanwa, polepole, na mtu mwenye hasira.
Edita akaweka mwiko chini. Huyo hatajwi kabla ya jua.
Nikasubiri jua.
Kipasuasanda, akasema, akatema mate pembeni.

Wa tisa alikuwa chura. Nimemfuta kwa mstari mmoja, kwa heshima.

Wa kumi na mbili: mtoto mchanga analia juu ya mti.
Nilikimbia na tochi, kamba za viatu zikiburuzika.
Wapalilizi wa vitalu wakacheka hadi wakakaa chini:
hondohondo! Hata mganga wa zahanati alimkimbilia,
mwaka wake wa kwanza, na mkoba.

Wa kumi na saba.
Miluzi mitatu inapanda, mmoja unashuka,
kimya cha kuhesabu hadi tano,
halafu miwili, mifupi, kama mtu aliyeishiwa subira.

Siku ishirini na moja, mahali pa jina pako peupe.
Watoto walisema chozi. Chozi hana kifua hicho.
Fundi msumeno alisema shore, ila alikuwa na usingizi.
Na kitu kimoja sikukiandika, maana hakikuwa cha ndege:
kila alipolia, mbwa wa Edita, Risasi,
kiziwi nusu, mguu wa nyuma mbovu,
aliamka chini ya benchi la vitumbua,
akaenda hadi ukingo wa kichaka,
akasimama,
akarudi.

Jana nikaupiga mluzi huo mwenyewe, mbele ya kikaango.
Mitatu juu, mmoja chini. Tano. Miwili.
Risasi akaja, akanusa viatu vyangu, akanitazama usoni
kama karani aliyepewa kitambulisho cha mtu mwingine.
Vitumbua vikaungua, vyote saba.

"Hiyo si sauti ya ndege," akasema Edita.
"Ni Nahonyo anaita mbwa."

Mume wake. Alilinda zamu hii, labda juu ya debe hili,
kabla hajavuka Ruvuma kufuata mawe mekundu.
Mvua nne sasa. Ukimpigia, anapokea
mwanamke yuleyule wa mtandao: hapatikani.

Kurumbiza, basi. Huyo huiga.
Alikaa kichakani akaukariri mluzi kila alfajiri
kama mtoto na jedwali la kuzidisha,
na mwalimu alipoondoka, hakuna aliyemwambia aache.
Au huyu ni mwanawe, kafundishwa na babake,
hajawahi kuiona midomo yenyewe.

Sijui niandike nini. Safu ya jina ni nyembamba.
Nikiandika kurumbiza nitakuwa nimepata na nimekosa.

Leo, kabla ya saa yake ya kuwasha moto,
kibatari kinakuja kwa njia ya vitalu.
Edita ameketi mbali kidogo, kanga kichwani,
ananiambia nizime tochi.

Chura anafanya kazi yake. Dudumizi anamimina mvua ya uongo.
Risasi ameinua sikio moja, lile zima.