Jana Saa Tisa

Saa nne za usiku, Kaunas, ghorofa ya tatu.
Theluji imekaa dirishani kama mgeni asiyeaga,
na Ugnė anahesabu mistari myekundu:
arobaini na saba.

Jana ilikuwa kweli. Jana jina la nauli
alilibadilisha katika faili moja, akalisahau katika jingine;
mabasi ya umeme ya mji mzima yangeamka
yakiwadai wazee wa pensheni nauli kamili.
Akarekebisha. Akapima. Akapima tena.
Kompaila ikapita kimya, haina neno;
majaribio mia mbili na kumi, yote kijani kama mchicha.
Lakini kihariri kimeshikilia lake:
jina hili halijulikani.

Halijulikani na nani?
Jina lenyewe hilo hapo, mstari wa kumi na mbili,
limeandikwa, limekaa, linakula na kunywa.

Anafuta herufi moja, anairudisha.
Anafunga faili, analifungua.
Anajaribu ile hila kongwe, mama wa hila zote:
zima, washa.
Wekundu unarudi pale pale,
doa la supu ya bitiruti kwenye shati jeupe.

Hakiangalii msimbo, anang'amua, akinywa chai iliyopoa.
Kinasoma daftari lake chenyewe,
faharasa iliyoandikwa jana saa tisa,
ikapigwa muhuri, ikafungiwa ndani.
Ukikiuliza, hakiendi kuchungulia;
kinafungua daftari, kinakusomea jana.

Meza ya pili, Vaidotas bado yupo,
koti mgongoni, anasubiri basi la mwisho.
Ugnė hajamwomba msaada. Hamwombi kitu mtu huyu
tangu majira ya joto ya mwaka juzi,
alipofuta jedwali la abiria saa saba mchana
na simu zikalia hadi usiku.
Tangu hapo kila kazi yake
anaisoma mara mbili, kalamu nyekundu kichwani,
na Vaidotas akisema "nimemaliza"
yeye husikia "kaangalie."
Hakuna jedwali lililopotea tena.
Nani aliyehesabu?

"Folda iliyofichwa," anasema Vaidotas, hata hajageuka,
"ile inayoanza na nukta. Ifute yote.
Usiogope, kazi yako haimo humo.
Yamo tu yale mashine inayodhani inayajua."

Anafuta. Megabaiti mia sita za dhana.
Kihariri kinaamka kitupu, kinasoma upya,
faili baada ya faili, kama mtoto afuatishaye kwa kidole,
asilimia tisa, asilimia thelathini,
kinakwama kwenye sabini, Ugnė anabana pumzi,
kisha kwenye kona ya chini, bila majivuno:
sufuri.

Hakuna kilichotengenezwa. Hilo ndilo linalomkera.
Hakugusa hata mstari mmoja.

Vaidotas anavaa glavu. "Ile kazi yangu ya vituo
iko tayari. Utaipitia kesho? Mara mbili, najua."
Anasema bila uchungu, kama anayetaja hali ya hewa.

Mlango unafungwa. Ugnė anaifungua kazi ile.
Anaisoma mara moja.
Mkono unakwenda wenyewe kurudi juu ya ukurasa;
anauona, anauacha hewani kidogo,
halafu anabonyeza: unganisha.

Chini, mtu mwenye koti anavuka barabara kwa miguu.
Waya za basi zimetulia.
Lilipita wakati ule wa asilimia sabini.