Pumzi Themanini na Nne

Saa nane mchana, Kibosho, bandani kwa Mama Aikande.
Mkono mmoja nimeshika saa,
macho nimeyabandika ubavuni mwa Sitaki
unavyopanda, unavyoshuka, unavyopanda
kabla haujamaliza kushuka.
Themanini na nne kwa dakika.
Huenda nimekosea. Narudia.
Themanini na sita.

Mwaka ule nilipoajiriwa, kipimajoto hiki
nilikitoa mfukoni kwa ajili ya ndigana tu.
Leo hakuna kupe,
tezi hazijavimba, macho maangavu,
na bado zebaki imegota arobaini.

Chuoni Tengeru tuliambiwa: ng'ombe ni jiko.
Tumboni majani yanachacha usiku na mchana,
kila tita ni mzigo wa kuni.
Basi jiko likizidi moto, mwenye nyumba afanye nini?
Anapunguza kuni.
Sitaki amelipa kisogo hori tangu saa nne,
hacheui,
mabua mabichi yananyauka mbele yake
na Mama anayatazama kama barua aliyorudishiwa.

Damu imeacha tumbo, imekimbilia ngozini
kutafuta upepo usiokuwepo.
Udenda unachuruzika hadi sakafuni,
na ndani ya udenda ule ndimo ilimokuwa dawa
ya kutuliza uchachu wake mwenyewe.
Halali. Akilala, joto lake halina pa kutokea;
akisimama, kwato zitadai.
Mwili nao una bajeti,
na kinachokatwa kwanza ni fungu la watu wengine:
lita kumi na mbili, lita tisa, lita saba.
Kalisti wa kituo cha maziwa anaandika bila kuinua uso.

Simlaumu ng'ombe. Baba yake alikuja kwenye mtungi wa naitrojeni,
mrija mwembamba kama njiti,
baridi kuliko Kibo ya mababu.
Alimrithisha kiwele na koti la nchi ya theluji,
hakumwachia maelekezo ya namna ya kulivua.

Leo mtungini ninao mrija mwingine,
wa fahali mwenye nundu, ngozi legelege, nywele fupi,
ukoo unaotoka jasho bila aibu
na kucheua saa saba mchana kule Kahe
kama vile jua ni habari ya jirani.
"Ndama wake atavumilia," nasema.
"Atatoa lita ngapi?"
Nasitasita. "Nne. Tano, akitunzwa."
Anacheka kwa pua.
"Kwa hiyo ndama avumilie jua, mimi nivumilie ada."

Sina jibu. Tunammwagia Sitaki maji ya mfongo,
ndoo mbili, mgongoni na shingoni,
maji ambayo siku hizi huja kwa zamu, Jumanne na Ijumaa,
na leo ni Alhamisi, haya ni ya akiba.
Anatikisa sikio moja.

Kisha, akiwa ameinama kuokota ndoo,
Mama ananiambia jambo ambalo halimo kwenye maswali yangu:
"Usiku ndio anakula. Saa saba, saa nane.
Na mimi siku hizi, daktari, moto unanipanda kutoka kifuani,
naamka kanga imelowa, nafungua dirisha,
ndipo namsikia anatafuna.
Basi natoka, namwongezea majani.
Tunasimama pale, wawili, mpaka tupoe."

Ubavu wa Sitaki: sabini na moja.
Naandika.
Mama anafudikiza ndoo, anaikalia,
ananyoosha mkono, kiganja juu.
"Nihesabu na mimi."

Daftari la wilaya halina safu hiyo.
Nahesabu.