Simu ya Odipo

Ahero, dakika ya themanini na nane.
Mpira uligonga mwamba, ukadunda chini;
ndani au nje, kipa ndiye ajuaye
na kipa hasemi.

"Odipo amerekodi!"
Tukamzonga, refa Akumu katikati,
filimbi mdomoni, jasho likidondokea kioo.

Tukarudisha nyuma, tukasimamisha.
Tulipokuza, mpira ukawa doa,
na pale hasa penye mstari wa majivu
ukapita ufa,
ufa wa siku ile pikipiki ilipomtupa Odipo Awasi.

Chaji asilimia mbili. Kisha giza,
na humo gizani sura zetu wenyewe,
midomo wazi.

Akumu akamrudishia simu,
akaenda golini kuuliza majivu.
Kuku alikuwa akiyaogea.