Ishirini na Nane kati ya Thelathini

Daktari, saa aliyokuchorea haikuwa na kasoro:
mishale miwili, saa tano na dakika kumi.
Mia toa saba, tisini na tatu, themanini na sita,
alizishuka ngazi moja moja bila kushika ukuta.
Ukampa maneno matano ayatunze,
kisu, mtungi, barua, kengele, njugu,
na baada ya robo saa akakurudishia yote
kama mdaiwa mwaminifu.
Ishirini na nane kati ya thelathini. Ukatabasamu.
Mimi pia.

Lakini chumba chako kilikuwa na mlango, nao ulifungwa.
Katumba haina mlango.
Katumba mvua inaanza hujamaliza sentensi,
simu inalia, mtoto anadai ada ya mtihani,
wachumaji wamepanga foleni, vikapu vya chai vinachuruzika,
na Ambakisye, karani wa mizani,
anasoma kumi na nne, anaandika arobaini na moja,
anafuta, karatasi inatoboka,
anavua kofia, anakwenda kukaa nyuma ya trekta
viganja masikioni.

Nilimtuma sukari na kiberiti.
Alirudi usiku, na njugu.
"Si ndivyo ulivyosema?"
Hakuwa na utani.
Maneno yako bado anayatunza, daktari.
Yamekalia nafasi ya yangu.

Shemeji aliisoma karatasi yako kwa sauti, mara mbili,
akaikunja vizuri:
"Kumbe ni uvivu."
Tangu siku hiyo hakuna anayetuazima jembe.

Mimi sijui kupima. Niliishia la saba.
Ila kuna sufuria ya maharage niliyomwachia Jumanne,
na moshi nilioukuta.
Kuna Madoa, ng'ombe wetu, anamkamua alfajiri gizani,
vidole havikosei, tone halimwagiki,
kisha anaiacha ndoo palepale, anaondoka,
mbwa wa jirani wananenepa.
Hapo unampa ngapi?

Tarehe kumi na tisa tunarudi Rufaa.
Safari hii acha mlango wazi.
Washa redio. Mwambie nesi aingie katikati
akiulizia funguo.
Nami nitakuja na orodha yangu,
nimeiandika nyuma ya risiti ya mbolea, pande zote mbili.
Ukishaisoma, usiiache mezani.
Kusoma, bado anasoma vizuri sana.