Kitovu cha Ukuta

Alfajiri ya Jumanne, jogoo bado hawajaamua,
ardhi ilijikung'uta kama ng'ombe mwenye kupe,
na uso wa kanisa letu la Kirimeni
ukashuka ngazi kwa magoti.

Kulipokucha tuliiona siri yake.
Nguzo tulizoziita marumaru
zilikuwa magogo ya mringaringa
yaliyopakwa chokaa, kisha mishipa ya bluu
kwa unyoya wa kuku.
Malaika mnene wa juu ya altare,
aliyetutisha utotoni kwa mashavu yale,
tumboni alijazwa majani makavu ya migomba.
Bibi Filotea alicheka hadi akakaa chini:
"Kumbe naye ni mtu wa hapahapa."

Injinia alipanda kutoka Moshi mjini na ramani.
Ukuta ulionyooka, akasema, nguzo sita za zege,
nondo za milimita kumi na sita,
mkanda juu ya madirisha, bati, kwisha.
Hakukosea. Hesabu zake zilisimama wima.
Lakini kina mama waliokuwa wakipandisha mawe ya mtoni
walitua ndoo zao:
ukuta ulionyooka ni wa ghala la kahawa.
Wetu ulikuwa umeingia ndani kidogo,
kama mtu anayevuta pumzi kabla ya kukuita jina.

Padre alisema mtindo ule huitwa Baroko.
Tulisikia baraka,
na hadi leo hajatusahihisha.

Kazi ikawa kuupata mpindo.
Fundi Severini Kavishe alilaza kamba juu ya msingi,
mimi nimeshika daftari.
Akapima mara tatu, akafumba jicho moja,
kisha akaligeuzia kanisa mgongo,
akatazama ng'ambo ya njia, ng'ambo ya mfongo,
ndani ya kihamba cha Ndesario.
"Kitovu kiko kule. Futi arobaini na mbili."
Hakuna aliyejibu.

Miaka thelathini na mmoja Ndesario hajakanyaga kanisani,
tangu parokia iliposogeza uzio hatua nne
ukameza mibuni minane ya mama yake.
Masale yaleyale tunayopanda mpakani
ndiyo tunayobeba tukiomba radhi.
Severini alikata jani moja, akalifunga fundo, akavuka.
Sikusikia walichosema.
Niliona kofia ikivuliwa,
ikirudi kichwani,
ikivuliwa tena.

Chini ya migomba palikuwa na jiwe lenye tundu.
Ndesario alifungia mbuzi hapo,
baba yake alikuwa akinolea panga.
Severini aliingiza kidole, akanyamaza
kama mtu aliyegusa jino la babu yake.

Mbuzi akahamishwa.
Tulileta kigingi, Ndesario akakikataa:
"Kigingi hakijui kamba ikilegea."
Akashika ncha yeye, magoti yamelibana jiwe,
nasi ng'ambo tukatembea na ncha ya pili,
tukimwaga jivu nyuma ya nyayo zetu,
na kila tulipolegea
alikohoa.

Sasa nondo za injinia zimelala
ndani ya mpindo wa watu ambao hakuna aliyeandika majina yao.
Nguzo zimepakwa mishipa tena, kwa unyoya wa kuku mwingine.
Juu ya tumbo la malaika tulibishana wiki nzima,
pamba au magazeti,
mpaka Filotea akaja na majani, hakuuliza mtu.

Ndesario bado haingii.
Jumapili hukaa juu ya jiwe lake, mgongo kwenye mgomba,
na husema ukuta humrushia kila kitu:
wimbo, kengele, viatu vya wanaochelewa misa.
Kwaya ikilegea
twasikia mtu akikohoa ng'ambo ya mfongo.

Ufa mmoja umebaki, upande wa sakristia.
Severini ameubandika kipande cha kioo kwa saruji,
ukuta ukisogea, kitavunjika kwanza.
Jana nilikwenda kukitazama mara mbili.
Kizima. Kina vumbi.
Sikulifuta.