Sababu ya Ajali

Kwenye fomu kuna kisanduku kidogo,
upana wa vidole vitatu: Sababu.
Mzee Alwyn Pryce ameandika humo
kwa mwandiko wa mtu aliyefundishwa kwa viboko:
upepo wa ubavuni.
Kisha amenisogezea kalamu nitie sahihi,
mimi, shahidi.

Mimi ni mshonaji.
Korogwe nilishona sare za shule,
sketi za marinda, kaptura za kaki
zinazochanika makalioni kabla ya Pasaka.
Hapa, kwenye banda la bati nje ya Ludlow,
nashona ndege.
Msicheke. Ndege ya mwaka arobaini na moja
ni mbao na kitambaa tu,
mabawa ya ghorofa, la juu na la chini,
na sindano yangu, ndefu kama mkono wa mtoto,
huingia huku ikatokea kule,
uzi wa nta, fundo, ubavu, fundo.
Vijana walijifunzia humo kuruka waende vitani.
Wengine vita hawakuifikia;
waliishia papa hapa, kwenye nyasi hizi.

Jumamosi ile upepo haukuwepo.
Ule mfuko wa mistari juu ya mlingoti
ulining'inia kama soksi ya mgonjwa.
Nimekaa juu ya pipa na chai yangu,
nasikia injini ikipunguza sauti,
pu, pu, pu,
kama mtu anayepuliza uji.

Akaja vizuri. Naapa, alikuja vizuri.
Magurudumu yaligusa nyasi
unavyogusa paji la mtoto kupima homa.
Mkia ukashuka.
Ndipo sungura akatoka.

Si yule wa hadithi, mwenye maneno.
Huyu alikuwa mkubwa, mkavu, masikio yenye ncha nyeusi,
na hila hakuwa nayo hata chembe:
alisimama katikati ya njia akaitazama rafadha
kama mtu aliyesahau alichofuata dukani.

Mguu wa mzee ulikanyaga.
Niliuona usukani wa mkiani ukilala kushoto, wote,
ndege ikajizungusha kuutafuta mkia wake,
bawa la chini likalima udongo,
na kabla sijaiweka chai chini
ilikuwa chali.
Kipande cha rafadha kilikuja hadi kwenye viatu vyangu,
kikinuka mafuta na varnishi.

Halafu petroli,
tone,
tone,
na mzee kichwa chini kwenye mikanda,
sarafu zikimtoka mfukoni moja moja.

"Shem," akaniita
(Shemhilu hajawahi kulimaliza),
akauliza: imepona?
Au aliuliza: amepona?
Kiingereza chao hakitenganishi chombo na kiumbe,
neno moja hubeba vyote.
Nikatazama mbavu zilizovunjika,
kitambaa nilichokivuta majira yote ya baridi
kikipepea kama shuka la hospitali.
Nikamwambia hapana, mzee. Kwisha kabisa.

Akafumba macho.
Chozi likamtiririka kuelekea kwenye nywele,
kwa kuwa alikuwa amepinduka.

Ilinichukua muda, na aibu.
"Sungura?" nikasema. "Huyo yuko pale kwenye ua wa miiba.
Anajilamba."

Sijawahi kumsikia mtu akicheka kichwa chini.
Ni kama kukohoa.

Ana miaka sabini na minane.
Akiandika sungura, watasema mzee anaona maruerue,
watamchukulia leseni kwa barua ya upole.
Akiandika upepo, basi, upepo ni wa wote,
hakuna anayeuita kutoa ushahidi.

Bawa liko mezani kwangu sasa.
Mishono yangu haikufumuka hata mmoja;
kilichochanika ni kitambaa, kati ya fundo na fundo.
Hilo halina kisanduku chake kwenye fomu.

Natia sahihi. Herufi zote za Shemhilu, taratibu,
nikichungulia dirishani, huenda
ule mfuko ukajitikisa, hata mara moja,
ukanisaidia.